Ufunguo Chini ya Chungu cha Nne

Jumapili ile kasisi alikuwa na mafua, mahubiri yakawa mafupi, na kabla kengele hazijatulia wanaume wa Haddow walishavuka barabara na kuingia Bata Wawili, kilabu cha Mama Dimmock. Siku ya Bwana sheria inamruhusu Mama Dimmock auze bia kuanzia saa sita mpaka saa nane tu, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kupoteza kwa salamu. Kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Benchi la dirishani lilikuwa la Gazeti, yaani Wilf Pocock, tarishi, ambaye hakuna barua iliyopita kijijini asijue imetoka kwa nani na imeleta maneno gani. Pembeni yake alikaa Jabez Hurrell, seremala na mzishi, aliyerithi jina la Jeneza kwa baba yake pamoja na randa na misumeno. Huyo futi haikumtoka mfukoni hata kanisani, na ukikaa naye muda mrefu unahisi macho yake yanakupima. Mkabala wao alikuwa Konstebo Birkett, Afande, aliyeificha helmeti chini ya meza ili ahesabike kuwa raia wa kawaida.

Karibu na meko alikaa Makasi. Jina lake hasa ni Ezra Tuffnell, na kwa miaka thelathini na moja amekuwa mkuu wa bustani ya Haddow Court, jumba kubwa lililo juu ya kilima. Kwa kawaida yeye ndiye hucheka wa mwisho, kicheko kidogo cha puani. Siku hiyo bia ilikaa mbele yake mpaka povu likafa, naye hakuigusa.

Gazeti alifungua gazeti la London la siku tatu nyuma, akakohoa kama wakili. Habari ilisema kitabu kipya cha mauaji katika jumba la kitajiri kimewapagawisha wasomaji mpaka maduka yameishiwa, na kwamba mwandishi, ingawa ametumia jina la kiume, inasemekana ni mwanamke anayeishi katika kijiji kimoja cha Suffolk.

"Eti inasemekana," Jeneza akadakia. "Tangu Pasaka ya mwaka jana mashine ya chapa inalia ta-ta-ta dirishani kwa kasisi, mpaka kuku wangu wamegoma kutaga. Na hawa wa London bado wanasemasema."

Mwandishi alikuwa Bi Peverell, dada wa kasisi, aliyefundisha watoto Biblia kwa miaka ishirini na kupanga maua madhabahuni kila Jumamosi. Hakuna aliyedhani kuwa kichwa chenye ile kofia ya cheri bandia kilikuwa kinaua watu. Ukiacha jumbani, kijiji kizima kilikuwa na nakala moja, ya Mama Dimmock, iliyofungwa karatasi ya kaki na kupita nyumba hadi nyumba kwa wiki nne, na sasa ilikuwa imerudi juu ya kaunta ikiwa na doa la siagi. Kila mtu alikuwa ameisoma, na kila mtu alikuwa na dukuduku lake.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana tajiri, Sir Hector, anakutwa ameinamia piano katika chumba cha muziki, amelishwa dawa ya kuulia magugu ndani ya chai. Jumba, ambalo ni Haddow Court kasoro jina, limejaa wageni wenye majina marefu, na Inspekta wa London anawahoji mmoja mmoja, kanali, mpwa, mwimbaji mwenye lulu, mpaka ukurasa wa mwisho ndipo anapomkamata mpwa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Jeneza. Alisema yeye kama mtaalamu hawezi kunyamaza. Mtu amekufa Ijumaa, mwezi wa saba, joto la kuyeyusha mishumaa, na mpaka Jumatatu jioni watu wanaingia na kutoka wakijibu maswali na kula keki, hakuna hata mmoja aliyetuma neno kwa seremala.

"Kurasa mia mbili na themanini," alisema. "Nimehesabu. Hamna jeneza. Hamna hata ubao. Yule marehemu mpaka leo yuko kwenye piano."

Gazeti akasema afadhali marehemu, angalau ametajwa jina. Yeye, tarishi, ametokea mara moja tu, pale panaposema "barua ikaja." Imekuja yenyewe, imepanda kilima yenyewe kwenye mvua, na mbwa wa pale getini hakuiuma. Mama Dimmock naye, akipangusa kaunta ambayo haikuwa na uchafu, akasema nyumba yake imeitwa "baa moja ya hapo," na kwamba Inspekta wa kweli asingelala jumbani na washukiwa, angelala chumba cha juu hapa, chenye shuka safi.

"Na mimi je?" Afande akauliza.

Wote wakatazama bia zao. Konstebo wa kitabuni alikuwa mtu mnene mwenye kulowa jasho, ambaye katika ukurasa wa arobaini na moja anakwenda chini ya dirisha la chumba cha muziki kutafuta nyayo za muuaji, na anazikanyaga zote kwa buti zake. Gazeti alikisoma kipande hicho kwa sauti, polepole, kwa raha zake. Afande akasema hiyo ni kashfa kwa jeshi la polisi. Alisema amekwenda kozi ya nyayo, siku mbili, na ana cheti.

Makasi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Alikanyaga maua gani?"

"Haikuandikwa."

"Chini ya dirisha lile kuna begonia zangu," alisema, akainamisha kichwa tena.

Jeneza alikuwa amengoja nafasi hiyo. "Wewe Makasi, hebu acha kununa. Wewe ndiye umepata kurasa tatu nzima, peke yako. Unalia umetukanwa, sisi wenzako hata matusi hatukupata."

Kweli, ndani ya kitabu mlikuwa na mkulima wa bustani, Mzee Tubb. Mzee Tubb anajikuna kisogo kabla ya kujibu. Mzee Tubb anasema "mvua haijui Jumapili," maneno ambayo kijijini hapa hayasemwi na mtu mwingine ila mmoja. Na Mzee Tubb anaweka ufunguo wa banda la sumu chini ya chungu cha tatu cha maua, ambako mtoto mchanga angeweza kuuona, na hivyo ndivyo muuaji anavyopata dawa. Inspekta anapomwuliza, anajikuna kisogo na kusema, "Sikujua, bwana." Katika kitabu kizima hakuna mtu mjinga zaidi, ukimtoa konstebo.

Hapo Makasi akatoa karatasi mfukoni mwa kizibao na kuiweka mezani. Ilitoka kwa Bi Mkubwa, Lady Carrow mwenyewe, mjane mwenye jumba, kwa mkono wake. Tuffnell, kesho saa nne asubuhi nataka kukuona kuhusu kitabu. Pita mlango wa mbele.

Utani ukakatika. Hata Mama Dimmock aliacha kupangusa. Watu wa kazi Haddow Court hupita nyuma, kupitia jikoni, wakivua buti kwenye jiwe, na imekuwa hivyo tangu jumba lijengwe. Gazeti, ambaye ana barua za mfalme mfukoni, hupita nyuma.

"Mlango wa mbele," Jeneza akasema taratibu. "Mimi nimewahi kuupita mara moja. Niliyemfuata hakutoka kwa miguu yake."

"Asante, ndugu yangu," Makasi akamjibu. "Umenipa moyo."

Akawaambia yaliyobaki bila kumtazama mtu. Ile nyumba ndogo anayokaa na mkewe Edith, yenye mzabibu ukutani na tanuri alilolijenga mwenyewe, inakwenda na kazi. Kazi ikiisha Jumatatu, nyumba inaisha Ijumaa. Edith hajasema kitu, lakini jana amemkuta darini anatafuta yale makasha waliyokuja nayo. Yeye mwenyewe ana miaka sitini na mbili. Nani atamchukua mzee aliyeandikwa katika kitabu kinachosomwa mpaka London kwamba ndiye aliyemwachia muuaji ufunguo? Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema anaogopa.

Basi wakaanza kumtetea, na kwa kuwa walikuwa marafiki wa kweli walimtetea vibaya. Afande alisema dawa ni kukataa. Tubb si Tuffnell, kisogo kila mtu anacho, na msemo hauna mwenyewe. Bila ushahidi hakuna kesi.

"Na ufunguo?" Gazeti akauliza.

"Hapo ndipo nitakaposimamia," Makasi akasema, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Kitabu kinasema chungu cha tatu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuweka ufunguo chini ya chungu cha tatu."

"Ni kweli kabisa," Mama Dimmock akasema kutoka kaunta. "Unaweka cha nne."

Makasi akageuka. Akamtazama mama, akamtazama Gazeti, na Gazeti ghafla akawa na shughuli na kamba ya kiatu.

"Nani kakwambia?"

"Nani hajui?" Mama Dimmock akasema. Alikuwa amekwenda mara mbili tatu tu, kwa ajili ya magugu ya pale uani, na aliurudisha vilevile, meno ya ufunguo yakielekea ukuta. Gazeti naye, kwa kuwa ubaya umeshaanza, akakiri: nyigu, mwaka juzi, kikombe kimoja. Jeneza akasema yeye hutumia makaburini, na kwamba hiyo ni kazi ya Mungu na haihitaji ruhusa. Makasi aliwasikiliza huku akikumbuka miaka yote aliyoinua lile kopo la dawa na kuliona jepesi, akalaumu unyevu, akabadilisha kifuniko, akanunua jipya.

Macho yote yakamwendea Afande. Dawa ile ina aseniki, na kwa sheria huwezi kupata hata kijiko bila kuweka sahihi katika kitabu cha sumu cha mfamasia mjini.

"Njia ya kituo cha polisi," Jeneza akauliza kwa upole, "mbona haioti hata jani?"

Afande akanywa kwanza. "Njia ya kituo ni mali ya serikali," alisema. "Na mimi siko kazini."

Ikawa wazi kwamba kama Sir Hector angelishwa sumu Haddow kwelikweli, Inspekta angelazimika kukamata kilabu kizima, pamoja na nyumba ya kasisi, maana ikajulikana pia kuwa Bi Peverell alielekezwa chungu na Makasi mwenyewe, siku alipoomba dawa ya njia ya kanisa na yeye alikuwa juu ya ngazi. Gazeti akasema basi yule mama si mbaya. Alijua ni cha nne, akaandika cha tatu. Huo ni ustaarabu wa watu wa kanisa, anakuvua nguo lakini anakuachia soksi.

Wakabaki na ushauri. Afande akashikilia kukataa. Gazeti akasema aombe radhi kabla hajaulizwa. Jeneza akasema asiseme kitu chochote, kwa sababu katika kazi yake hajawahi kuona mtu aliyenyamaza akapata matatizo zaidi. Walikuwa bado wanabishana Mama Dimmock alipopiga kengele ya saa nane. Wakanyanyuka, kila mmoja akamgusa Makasi begani akipita, nao si watu wa kugusana.

Makasi hakwenda moja kwa moja nyumbani, ingawa nyama ya Jumapili ilikuwa ikimngoja. Alipanda mpaka bandani, akainua chungu cha nne, akauchukua ufunguo na kuutia mfukoni. Palikuwa na alama ya ufunguo kwenye udongo, umbo kamili, miaka thelathini na moja. Alifukia alama hiyo kwa kidole gumba, na ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Jumatatu, siku ya kazi, saa sita na nusu wote walikuwa Bata Wawili tayari. Gazeti alikuwa ameacha barua za barabara nzima ya kinu zingoje. Hakuna aliyecheza domino. Makasi alipoingia alikuwa amevaa suti yake ya mazishi, na Jeneza akainamisha kichwa kwa heshima ya kikazi.

"Mpeni kitu," Mama Dimmock akasema, huku akimmiminia mwenyewe.

Makasi akaketi. Akaeleza kwa utaratibu wake, kama mtu anayepanda mbegu. Alipita mlango wa mbele. Zulia lile lina mabaka, na kuna ndoo tatu ukumbini za kukinga mvua, maana tangu bwana afariki ushuru wa mirathi umekula paa. Bi Mkubwa alikuwa ameketi na kitabu mapajani. Akasema, "Tuffnell, nimekisoma mara mbili. Ni wewe mtupu."

"Nawe ukakataa," Afande akasema.

"Nilikuwa najiandaa kukataa. Mdomo nilishaufungua. Halafu akasema, 'Hasa pale pa chungu cha tatu.'" Makasi akajikuna kisogo. "Nikamwambia, 'Cha nne, Bi Mkubwa.'"

Afande akafumba macho. Gazeti akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo.

"Ningefanyaje? Alikuwa amekosea."

Bi Mkubwa alimtazama, akacheka mpaka akatoa leso. Akasema anajua ni cha nne. Amekuwa akichukua dawa ya sisimizi pale tangu bwana angali hai, na jana alasiri alikwenda akakuta hakuna ufunguo, akahangaika, akadhani Tuffnell amepatwa na maradhi. Alitaka kujua umekwenda wapi. Makasi akautoa mfukoni na kuuweka juu ya meza, na hiyo, alisema, ndiyo aibu kubwa aliyoipata siku ile, kukamatwa na ufunguo wake mwenyewe.

"Kwa hiyo hakukufukuza?" Jeneza akauliza.

"Hakunifukuza. Nyumba ninayo. Edith ameshayarudisha makasha darini."

Mama Dimmock akageukia rafu ya chupa na kukaa huko kidogo. Lakini Makasi hakuwa na uso wa mtu aliyeokoka, na Gazeti, ambaye husoma nyuso kama anavyosoma bahasha, akamwambia ayamalize.

Yaliyobaki yalikuwa haya. Kuanzia Jumamosi jumba litafunguliwa kwa watu. Mabasi yatakuja kutoka Ipswich, yamejaa waliosoma kitabu. Wataonyeshwa piano, wataonyeshwa kikombe, kisha watapelekwa bustanini, na hapo mlangoni mwa banda atakuwa amesimama Mzee Tubb. Ndiyo maana alipitishwa mbele. Bi Mkubwa alitaka kuona anavyotembea akionekana kutoka dirishani. Ufunguo urudi chini ya chungu, na kiwe cha tatu, kwa sababu watu watakuwa na kitabu mkononi. Watamuuliza kama ni yeye aliyemwachia muuaji ufunguo.

"Nawe useme nini?"

Makasi akanywa bia yake kwanza, yote. "Nijikune kisogo," alisema, "halafu niseme, 'Sikujua, bwana.'"

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyeyapogoa mawaridi yale miongo mitatu, aliyepata medali ya jimbo mara sita, atasimama mlangoni kama sanamu ya ujinga kila Jumamosi mpaka majani yadondoke. Gazeti alisema polepole kwamba nyumba ni nyumba. Makasi akaafiki. Alisema ametafakari njia nzima akishuka, na amekubali. Edith atakuwa na tanuri lake. Kujikuna si kazi ngumu. Heshima ya mtu, alisema, wanaoijua wanaijua, na watu wa Ipswich hawajui hata begonia ni nini.

"Halafu nilisahau," akaongeza, akatoa bahasha. "Afande, Bi Mkubwa amekutumia hii. Sikuifungua."

Afande akaifungua, akaisoma kimya, na mgongo wake ukanyooka. Akavaa helmeti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya kilabu, na kuisoma tena kwa sauti. Lady Carrow anamsalimu Konstebo Birkett, na atashukuru sana ikiwa ataweza kufika kila Jumamosi saa tisa kamili, akiwa na sare, kwenda chini ya dirisha la chumba cha muziki na kukanyaga nyayo kama ilivyo katika ukurasa wa arobaini na moja.

"Si jana tu ulisema ni kashfa kwa jeshi la polisi?" Mama Dimmock akauliza.

"Nilisema kwa hasira." Afande alikuwa akiitazama barua kwa upendo. "Ukiiangalia vizuri, ni ushirikiano na wananchi. Na ninacho cheti."

Makasi aliweka bilauri chini. Aliiweka kwa uangalifu sana, kisha akasimama, naye huwa hasimami kabla ya kengele.

"Birkett," alisema, na kwa kuwa hakusema Afande, kila mtu akasikia. "Nimekubali kuitwa Tubb. Nimekubali cha tatu wakati ni cha nne. Nitajikuna mpaka kisogo kitoke damu. Lakini begonia zile nimeziatika mwezi wa pili, moja moja, ndani ya nyumba ya vioo, na nimezifunika usiku wa baridi kwa koti langu mwenyewe. Jumamosi weka buti pale, hata kisigino tu, na Bi Peverell atapata maiti ya kuandikia kitabu cha pili. Na safari hii asijisumbue kumtafuta muuaji. Nitakuwa mlangoni mwa banda, wote wataniona."

Akavaa kofia yake, akamuaga Mama Dimmock kwa adabu, akatoka.

Afande alikunja barua, akaifungua, akaikunja tena, akauliza kama kuna mtu anayedhani mzee yule anatania. Gazeti akasema yeye ana barua za barabara ya kinu, akachukua mfuko wake.

Jeneza aliinuka. Alitoa futi yake mfukoni, akaivuta taratibu, akamtazama Afande kuanzia buti hadi ncha ya helmeti, na kumwomba aivue kidogo, ili apate kipimo sahihi.